Hoteli Mpya Katikati ya Jiji la Mwanza: Je, Mchoro Wake Unafaa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila uzio wa mabati unaposimamishwa mjini kati na bango la hoteli mpya likatundikwa juu yake, maswali huwa ni yaleyale: kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye daladala za Buhongwa, kwenye mikutano ya mtaa. Yamekusanywa hapa na kujibiwa, kuanzia ya msingi hadi yale yanayojitokeza kwa nadra. Hayahusu hoteli moja. Yanahusu hoteli yoyote ya ghorofa inayotaka kusimama kati ya Makoroboi, Soko Kuu, stesheni ya reli na kivuko cha Kamanga.

## Mambo ya msingi

Kwa nini mjini kati pasichukuliwe sawa na Capri Point au fukwe za Ilemela? Hoteli si hoteli tu?

Kwa sababu viwanja vyake ni tofauti. Capri Point hoteli inakaa katikati ya kiwanja chake, ina bustani mbele na geti barabarani. Ikiwa mbaya, ubaya wake unabaki ndani ya ukuta. Mjini kati kiwanja ni chembamba na jengo linaanzia ukingoni mwa barabara. Ukuta wa hoteli ndio ukuta wa mtaa. Anayepita na mkoba wake kwenda kupanda gari anaishi na jengo hilo kila siku kuliko mgeni anayelala usiku mbili akaondoka.

Tena mjini kati ni padogo. Ziwa limeubana upande mmoja, vilima vya mawe upande mwingine, na katikati kuna mitaa iliyoshamiri baada ya reli kufika mwaka 1928. Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili zinazounda jiji, kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao shughuli zao zinawaleta kwenye mitaa hiyohiyo michache.

Kufaa au kutofaa si suala la kila mtu na jicho lake?

Rangi ya ukuta, ndiyo. Mengine yanapimika. Mtu anaweza kusimama mbele ya kiwanja na kujiuliza: nikipita hapa saa saba mchana nitapata kivuli? Mvua ikinyesha nitajibanza wapi? Upepo wa ziwa utafika nyuma ya jengo? Maji ya mvua yatakwenda wapi? Gari la wageni litasimama wapi bila kufunga barabara? Mchoro unaojibu maswali hayo vizuri unafaa, hata kama sura yake humpendi. Mchoro usioyajibu haufai, hata ukiwa na lifti ya kioo.

Tatizo si urefu? Ghorofa kumi na mbili si nyingi mno kwa Mwanza?

Urefu ndio unaozungumzwa sana, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kelele ndogo kuliko yote. Hospitali ya Bugando ni jengo refu, limekaa juu ya kilima na linaonekana kutoka karibu kila kona ya jiji, wala hakuna anayesema limeharibu mji. Wananchi wamelizoea kama alama ya kuelekezana njia.

Kinachoumiza ni jinsi jengo linavyokutana na ardhi, yaani ghorofa ya chini na mita tano za kwanza kutoka barabarani. Ghorofa kumi na mbili zenye maduka na baraza chini zinaweza kuupa mtaa uhai. Ghorofa nne zenye ukuta mtupu, geti la chuma na mlinzi zinaweza kuuua.

Urefu una masharti yake hata hivyo: kiwango kinachoruhusiwa na mpango kabambe wa jiji kwa eneo husika, kimo kinachokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwezo wa zimamoto. Mwenye hoteli anayesema ataanza na ghorofa sita kisha "aongeze baadaye" aonyeshe hesabu za msingi wa hizo za baadaye leo.

Picha ya kwenye bango ina miti mikubwa na barabara tupu. Niiamini?

Iamini kwa sura ya jengo, usiiamini kwa mazingira. Angalia mambo matatu. Kwanza, jengo la jirani limechorwa au limefutwa? Mara nyingi picha huonyesha hoteli imesimama peke yake, wakati ukweli ni kwamba ukuta wa jirani uko mita mbili tu. Pili, miti imepandwa wapi? Ikiwa imechorwa juu ya njia ya waenda kwa miguu au juu ya mtaro, haitakuwepo. Tatu, picha imechukuliwa kutoka angani? Hakuna mtu wa Mwanza atakayeiona hoteli kutoka huko. Omba kuonyeshwa mchoro wa ghorofa ya chini na mchoro wa jengo lililokatwa katikati. Hivyo viwili vinaeleza zaidi ya picha ishirini za rangi.

## Hoteli na mtaa

Kwa nini mnang'ang'ania baraza? Si mambo ya kizamani?

Nenda kwenye mtaa wowote wa zamani mjini kati ambako nyumba za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi bado zimesimama. Chini duka, juu familia, na mbele ghorofa ya juu imetokeza na kubebwa na nguzo, chini yake sakafu ya terazo iliyong'arishwa na nyayo. Hapo yuko fundi cherehani na mashine yake, mezani ana chaki na kitambaa cha sare ya shule. Pembeni yake mzee anauza magazeti. Mvua kubwa ya jioni ikishuka ghafla, barabara nzima inakimbilia hapo: mwanafunzi, mwendesha bodaboda, mama mwenye beseni la ndizi. Hakuna anayeulizwa anatafuta nini.

Huo ni mpango mzuri wa jengo kwa mji wa mvua za ghafla na jua la karibu na ikweta, na umeshajaribiwa hapa kwa miaka mingi. Hoteli mpya ikiacha sehemu yake ya mbele wazi kwa upana wa mita tatu hivi, ikaiezeka kwa ghorofa ya juu, na sakafu yake ikalingana na ya jirani ili mtu atembee bila kupanda na kushuka ngazi, tayari imefanya nusu ya kazi. Kinachouzwa ndani kinafaidika pia, maana anayepita kivulini anatembea polepole na kutazama dirishani.

Upinzani wa kawaida ni usalama. Jibu ni taa nzuri, mlango wa wageni ulio ndani ya baraza, na maduka yenye watu ndani. Mtaa wenye macho ni salama kuliko mtaa wenye ukuta.

Machinga na mama lishe waliopo mbele ya kiwanja watakwenda wapi?

Swali hili liulizwe kabla ya uzio kuwekwa, kwa sababu uzio ukishawekwa watu wametawanyika na hakuna wa kulijibu. Hoteli haiwezi kubeba mzigo wa biashara ndogondogo za jiji zima, na kupanga maeneo ni kazi ya halmashauri. Ila mchoro unaweza kusaidia au kukandamiza. Vyumba vidogo vya duka vya upana wa mita mbili na nusu vinavyotazama barabarani hupangishika kwa fundi simu au muuza dawa wa mtaani. Ukumbi mmoja wa benki wenye upana wa kiwanja chote haumfai yeyote kati yao.

Paking inatosha? Mbona mtaa wenyewe tayari hauna nafasi?

Paking ya chini ya ardhi ndiyo inayopendwa kwenye michoro, na hapa Mwanza gharama yake ni kubwa kuliko katika miji mingi kwa sababu ya mawe (tazama sehemu ya mawe hapa chini). Wengi huishia kupunguza nafasi za magari katikati ya ujenzi, kisha magari yanahamia barabarani. Muulize msanifu: wageni wa harusi ya watu 300 wataegesha wapi Jumamosi usiku? Basi la watalii wanaotoka Serengeti litageuzia wapi? Hoteli isiyo na ukumbi mkubwa ina shida ndogo zaidi, na mjini kati huenda hiyo ndiyo hoteli inayofaa.

Jenereta, moshi wa jiko na takataka vinahusiana nini na mchoro?

Vinahusiana sana. Hivi vitu vina sehemu yake kwenye ramani, na ikiwa mchoraji hakuipanga, vitajipanga vyenyewe upande wa barabara. Iko hoteli mjini kati, sitaitaja, ambayo bomba la jenereta lake limetokezea kwenye ukuta wa pembeni kwa kimo cha kifua cha mtu. Umeme ukikatika, hewa ya moto na moshi wa dizeli vinatoka moja kwa moja mahali ambapo mama mmoja alikuwa akiuza chai na chapati asubuhi. Alivumilia, akahama. Bomba lile lingepandishwa hadi juu ya paa kwa gharama ndogo kama lingefikiriwa kabla ya zege kumwagwa.

Kwa hiyo kwenye mchoro wa ghorofa ya chini tafuta: chumba cha jenereta na bomba lake linapoishia, mlango wa kupokelea samaki na mboga, chumba cha taka, na mashine za nje za viyoyozi. Vikiwa havionekani kabisa, ujue vitakuja upande wako.

## Jua, upepo na ziwa

Vioo vina ubaya gani? Si ndiyo usasa?

Kioo ni kizuri mahali pake. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, hivyo mchana jua liko karibu utosini mwaka mzima. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa kirahisi: kibaraza kidogo juu ya dirisha kinatosha. Ukuta unaotazama mashariki au magharibi ndio wenye kazi, kwa kuwa asubuhi na jioni jua huja limelala na kupenya chini ya kibaraza chochote. Mwanza jua huzama karibu saa moja kasoro. Kuanzia saa kumi linapiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Kioo kisichokingwa upande huo kinageuza chumba kuwa tanuri, na kiyoyozi kinalipwa na mgeni.

Vioo vinavyoakisi, vile vya bluu na vya dhahabu, vinaongeza shida nyingine. Joto na mng'ao vinarudishwa mtaani, machoni pa dereva na kwenye duka la ng'ambo.

Lakini mgeni amelipia kuona ziwa, na ziwa liko magharibi. Mtafanyaje?

Hili ndilo fumbo lenyewe la hoteli ya Mwanza, na ndipo msanifu mzuri anapotofautiana na wa kunakili. Mjini kati, Ghuba ya Mwanza iko upande wa machweo. Anayetaka kuuza mandhari hujenga jengo refu lililolala sambamba na ufukwe, vyumba vyote vikitazama maji. Akishafanya hivyo amefanya mambo mawili kwa pamoja: amewapa wageni wake jua kali la jioni, na amesimamisha ukuta mbele ya upepo. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mitaa ya nyuma inaupokea kupitia nafasi zilizoachwa kati ya majengo. Ziba nafasi hizo, na mtu wa mtaa wa tatu kutoka ziwani ataanza kununua feni.

Njia bora ni kuligeuza jengo: upande mwembamba utazame ziwa, pande ndefu zitazame kaskazini na kusini. Upepo unapita pembeni, kuta ndefu zinakingwa kirahisi kama ilivyoelezwa kwenye swali la vioo, na majirani wa nyuma wanabakiwa na kipande cha ziwa cha kutazama. Hasara ni kwamba vyumba vinavyotazama maji uso kwa uso vinapungua. Inafidiwa kwa kupinda madirisha: kila chumba kinatokeza kidogo kwa mshazari, mgeni anaona ghuba kwa pembeni akiwa kitandani, na ukuta wa tokezo hilo unamkinga na jua. Ukumbi wa chakula na mgahawa wa juu ndivyo viwekwe kwenye ncha ya magharibi, na kibaraza kirefu chenye mapazia ya mbao yanayosogezwa, kwa sababu watu hukaa hapo wakati jua linakaribia kuzama na wanalitaka.

Mwenye mtaji anaweza kukataa kwa hoja ya bei ya vyumba. Basi angalau jengo likatwe vipande viwili vyenye mwanya katikati.

Taa za usiku na wadudu wa ziwani?

Wadudu wadogo wa ziwani huja kwa mawingu na kufuata taa. Hoteli inayomulikwa kutoka chini hadi juu kwa taa nyeupe inajiitia, kisha inapulizia dawa ambayo majirani wanaivuta pia. Taa za rangi ya njano zinazomulika chini, na nyavu kwenye madirisha yanayofunguka, zinatosha. Pia Kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, kiko jirani kabisa na mji. Giza kidogo upande wake ni haki ya viumbe vyake.

## Mawe, maji na ardhi

Mawe yaliyomo kiwanjani yapasuliwe?

Jibu langu: kwa uchache kadiri inavyowezekana, na yale makubwa yanayoonekana kutoka mtaani yasiguswe. Mawe haya ya matale (graniti) yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Jiji linajulikana kwa mawe yake, Jiwe la Bismarck limekuwa picha ya Mwanza kwenye kadi za posta na kalenda, halafu kila mwekezaji anaanza kwa kuondoa yale ya kwake. Jiwe lililoachwa kwenye ukumbi wa mapokezi, ngazi zikilizunguka, ni pambo ambalo hakuna mji mwingine unaweza kuliagiza.

Kuna sababu ya usalama pia. Kulipua kwa baruti mjini kati kunahitaji kibali na wataalamu, na hata kukiwa halali kunatikisa nyumba za zamani zilizojengwa kwa chokaa au matofali yasiyo na nondo. Majirani wadai kuta zao zipigwe picha kabla ya kazi kuanza, tarehe ikiandikwa, ili ufa mpya usibishaniwe. Njia ya kutoboa mashimo na kuyajaza unga maalumu unaovimba na kupasua jiwe polepole ni ghali zaidi, lakini haina mshindo.

Si mwamba tayari? Msingi wa Mwanza si rahisi?

Ndivyo wengi wanavyodhani, na ni hatari. Jiwe kubwa linaloonekana limezama ardhini huenda ni bonge lililojitenga, limekaa juu ya udongo uliotokana na mwamba uliooza. Mashine ya kupima udongo ikigonga jiwe la namna hiyo na mpimaji akaandika "mwamba", nguzo ya ghorofa kumi itakalia kitu kinachoweza kusogea. Upimaji unatakiwa kuendelea mita kadhaa ndani ya jiwe, kwenye mashimo kadhaa ya kiwanja, mpaka ithibitike ni mwamba wenyewe. Ripoti ya udongo iombwe hata na kamati ya mtaa. Haina siri ya biashara ndani yake.

Mvua ikinyesha, maji ya paa la hoteli yanakwenda wapi?

Vilima vya mawe havinywi maji. Mvua ya nusu saa inashuka yote kwa pamoja, na Mto Mirongo unaopita katikati ya jiji unajulikana kwa kufurika. Kila kiwanja kilichokuwa na udongo na mti, kikifunikwa chote kwa zege, kinaongeza mzigo kwenye mitaro hiyohiyo. Mchoro mzuri una tenki la kuvunia maji ya paa na kuyatoa taratibu, na maji hayo yanatumika kwenye vyoo na bustani. Mchoro mbovu una bomba linalomwaga barabarani.

Na maji taka?

Sehemu kubwa ya mjini kati ina mtandao wa maji taka. Hoteli ya vyumba mia moja ipate barua ya MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza, inayothibitisha kwamba bomba la mtaa wake linaweza kuubeba mzigo huo. Shimo la maji taka kwenye kiwanja chenye mawe, juu ya mtelemko wa kwenda ziwani, halikubaliki.

## Sura na utambulisho

Hoteli mpya ifanane na majengo ya zamani?

Isiyaige. Nguzo za Kigiriki za saruji na kuba za fiberglasi hazifanani na kitu chochote cha Mwanza ya zamani wala ya sasa. Kinachotakiwa ni kuheshimu vipimo: mstari wa paa la baraza uendane na wa jirani, ukuta wa mbele ugawanywe kwa upana unaolingana na wa nyumba za mtaa huo, na ghorofa za juu zirudishwe nyuma kidogo ili mtu aliye chini aone mtaa wake ule ule.

Je, utamaduni wa Kisukuma? Tuweke paa la makuti juu?

Makuti juu ya ghorofa ya nane yanaungua na kupeperuka. Wanaotaka mfano waende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement. Kule kuna banda la ngoma za kitemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi: wazo limechukuliwa kutoka kwenye kitu chenye maana kwa wenyewe, likafanywa jengo. Hoteli inaweza kuwapa kazi wachonga ngoma na wafumaji wa leo badala ya kuagiza picha za simba kutoka nje.

Kwenye kiwanja kuna nyumba ya zamani yenye mwaka umeandikwa juu ya mlango. Ibomolewe?

Ningependa ibaki, na mara nyingi inawezekana: nyumba ya mbele inakuwa mapokezi na maduka, mnara wa vyumba unajengwa uani. Kuta nene na vyumba virefu kwenda juu ni baridi bila kiyoyozi. Ikishindikana kabisa, ipimwe na kuchorwa kabla ya kuvunjwa, na mbao zake, vigae na milango visiishie dampo.

## Taratibu na hali za pekee

Nani anaidhinisha mchoro?

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri baada ya michoro kupitiwa na wataalamu wa mipango miji, ujenzi, afya na zimamoto. Msanifu, mhandisi na mkandarasi lazima wawe wamesajiliwa na bodi zao. Hoteli kubwa hupita kwenye chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira kwa tathmini ya athari kwa mazingira. Nyota za hoteli ni jambo jingine kabisa: hupima huduma na vifaa kwa mgeni, hazisemi lolote kuhusu mtaa.

Mwananchi wa kawaida atoe maoni lini?

Mapema. Nafasi zipo mbili zenye uzito: tangazo la kubadili matumizi ya ardhi, kama kiwanja kilikuwa cha makazi, na ushirikishwaji wa wadau wakati wa tathmini ya mazingira. Toa maoni kwa maandishi, kupitia ofisi ya mtaa na nakala kwa mkurugenzi, ukitaja jambo moja moja: mtaro, bomba la jenereta, baraza. Barua inayosema "hatuitaki" inawekwa pembeni. Barua inayosema "geti la magari lihamishiwe upande wa pili kwa sababu hapa wanafunzi wanavuka" inalazimu kujibiwa.

Hoteli imepangwa karibu kabisa na maji. Inaruhusiwa?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Inaugusa ufukwe na Mirongo pia. Ziwa lenyewe limekumbusha sababu: mwaka 2020, na tena 2024, maji yalipanda kupita rekodi ya 1964 na kuingia kwenye majengo ya ufukweni. Uliza mita 60 zimehesabiwa kutoka wapi. Mpaka wa maji wa mwaka wa ukame si wa mwaka wa mafuriko.

Jengo la ofisi la zamani linageuzwa hoteli. Maswali haya bado yanahusu?

Mengi, ndiyo, na moja linazidi uzito: moto. Ofisi huwa tupu usiku, hoteli ina watu wamelala wasiojua milango. Jengo lenye ngazi moja liongezewe ngazi ya pili ya dharura, na hiyo mara nyingi hutokezea nje, kwenye ukuta unaotazama jirani. Hapo mazungumzo na jirani yaanze kabla ya chuma kuagizwa.

Hoteli ilianza kujengwa, ikasimama miaka mingi nondo zikiwa nje. Mchoro wa zamani bado ni halali?

Kibali kina muda wake. Kikiisha, kinaombwa upya, na mchoro unapaswa kupitiwa kwa mpango wa mji wa sasa. Nondo zilizokaa kwenye mvua na unyevu wa ziwa kwa miaka zipimwe na mhandisi, na zilizoliwa na kutu zikatwe. Majirani wanaweza kutumia nafasi hiyo kuomba baraza ambayo mchoro wa kwanza haukuwa nayo: nguzo za chini zipo tayari, ukuta wa mbele haujajengwa, na kuurudisha ndani mita tatu wakati huo kunagharimu matofali tu.